Mahakama ikimwachia mshtakiwa wa mauaji, imesema nini hasa? Kesi ya Orlando na kesi ya Msitu wa Pande

Wakili wa Kinondoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Video za kesi ya Casey Anthony zimerudi kuzunguka WhatsApp, na kwenye kundi letu la mtaa zimezua vita. Mmoja kasema mahakama za Marekani zimeoza. Mwingine kamjibu kwamba hata sisi Zombe, yule mkubwa wa polisi aliyeshtakiwa kwa mauaji ya watu wanne wa Msitu wa Pande, aliachiwa, tusijifanye watakatifu. Admin akafunga kundi. Nimeona mjadala niuhamishie huku, maana kesi zote mbili zinagusa jambo ambalo mawakili tunalikariri mahakamani kila siku na mtaani bado halieleweki: kuthibitisha kosa bila kuacha shaka, hasa pale ambapo hakuna aliyeyaona mauaji kwa macho yake.

Kwa wasioijua ya Orlando, yaani hiyo ya Casey, kule Florida, Marekani. Mtoto Caylee, hajatimiza miaka 3, anaishi na mama yake Casey mwenye miaka 22, nyumbani kwa babu na bibi. Mara ya mwisho anaonekana tarehe 16 Juni 2008. Polisi wanapigiwa simu kuhusu kupotea kwake tarehe 15 Julai, na anayepiga ni bibi. Muda wote huo mama anakwenda klabu, anachora tatuu, akiulizwa anasema mtoto yuko kwa yaya. Yaya mwenyewe wa kubuni. Akawaambia askari ana kazi Universal Studios. Wakamwambia haya, tupeleke ofisini kwako. Akawatembeza hadi ndani, katikati ya korido, ndipo akageuka na kukiri kwamba hafanyi kazi pale. Mimi kwa miaka yangu ya uwakili sijakutana na mteja mwenye moyo wa namna hiyo.

Gari lake lilikuwa limetelekezwa na kuvutwa hadi yadi. Babu alipokwenda kulichukua lilikuwa linanuka, na bibi alisema kwenye simu ya polisi kwamba harufu ile ni kama ya maiti. Desemba 2008 mabaki ya mtoto yakapatikana porini, karibu na nyumbani kwao. Mifupa tu, na mkanda wa gundi kwenye fuvu.

Tarehe 5 Julai 2011 juri ya wananchi 12 ikamwachia kwa mauaji, kwa ukatili dhidi ya mtoto, na hata kwa kuua bila kukusudia. Ikamtia hatiani kwa makosa manne ya kuwadanganya polisi.

Sasa tazameni ule ushahidi unaelekeza wapi. Uongo, klabu, harufu ya gari, kukaa kimya. Kwa maoni yangu vyote vinasema kwamba huyu mama alijua mtoto wake amekufa. Ila hati ya mashtaka haikusema alijua. Ilisema aliua kwa kukusudia, na serikali ilikuwa inaomba ahukumiwe kifo. Daktari wa serikali aliyechunguza mabaki alisema ni kifo cha kusababishwa na mtu, lakini chanzo hakijulikani. Hakuna nyama ya kupima wala alama ya jeraha. Utetezi ukaja na hadithi kwamba mtoto alizama kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani, familia ikaficha. Hawakuithibitisha. Hawakuwa na wajibu wa kuithibitisha.

Kwa hiyo juri ilikwama kwenye swali la kwanza kabisa, kabla hata ya kufika kwa nani aliyeua: nini kilimpata mtoto? Kesi ya Pande, nitakuja kueleza, ilikwama kwingine. Kule ilijulikana wazi nini kilitokea, shida ikawa nani. Watu wanazichanganya hizi shaka mbili na ndiyo maana ugomvi hauishi.

Karibuni.

Mama wa Mabibo

Wakili, dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto wangu akichelewa kutoka madrasa nusu saa, mtaa mzima unajua, mpaka bodaboda wa kituoni wanamtafuta. Huyu karibu mwezi mzima anacheza muziki? Mimi ushahidi mwingine siutaki. Hapo hapo namfunga.

Kidagaa Feri

Pesa tu hiyo mkuu. Mwenye pesa hafungwi.

Wakili wa Kinondoni

Kidagaa, pesa hakuwa nazo. Mahakama ilimtambua kama mtu asiye na uwezo, gharama za utetezi zikabebwa na serikali. Tafuta sababu nyingine.

Mama, salaam zako nimezipokea, na hasira yako naielewa. Lakini wewe unakaa Mabibo, unajua mawingu ya hapa. Ni mara ngapi umeanua nguo kwenye kamba, likapita jeusi hilo mpaka Kibaha bila kudondosha tone? Ndiyo kazi ya mahakama kwenye ushahidi wa mazingira: haiulizi kama mawingu yapo. Inauliza kama yanaweza kumaanisha kitu kingine chochote cha maana.

Hii si sheria ya Wamarekani peke yao. Huku kwetu msingi unaotajwa karibu katika kila kesi ya namna hii ni Simon Musoke, ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mwaka 1958. Inasema ukweli wote unaomwelekea mshtakiwa lazima usipatane kabisa na yeye kuwa hana hatia, na usielezeke kwa namna nyingine yoyote ya maana isipokuwa kwamba ametenda. Soma pole pole uone uzito wake. Maelezo ya upande wa mashtaka kuwa ndiyo yanayovutia zaidi haitoshi. Yanatakiwa yabaki peke yake.

Halafu kuna sharti la pili linalosahaulika. Musoke iliichukua kutoka kesi ya Teper ya mwaka 1952, iliyofika Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni, kutoka Guiana ya Waingereza, ya mtu aliyedaiwa kuchoma duka. Jaji alisema kabla hujamhukumu mtu kwa mazingira, hakikisha hakuna mazingira mengine sambamba yanayoweza kuidhoofisha picha hiyo, na akatoa mfano wa kikombe cha Yusufu ndani ya gunia la Benyamini. Mnaijua habari hiyo. Kikombe cha fedha kimepotea, magunia yanafunguliwa kuanzia la mkubwa, kikombe kinatoka kwenye gunia la mdogo. Nani angebisha? Kila askari wa upelelezi angefunga jalada hapo hapo. Kumbe aliyekiweka ni msimamizi wa nyumba ya Yusufu mwenyewe, kwa amri ya bosi wake.

Mama wa Mabibo

Benyamini alikuwa na kaka zake wanamlilia. Huyu mtoto nani alimlilia?

Wakili wa Kinondoni

Bibi yake. Ndiye aliyepiga simu.

Mkongwe wa Sinza

Wakili, naona unaizunguka Pande. Wengine tulikuwa watu wazima Januari 2006. Tulitangaziwa majambazi wanne wameuawa katika majibizano ya risasi na polisi, na watu mtaani wakapiga makofi, maana kipindi kile ujambazi ulikuwa umetuchosha. Baadaye ndiyo tunaambiwa walikuwa wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, na wa nne dereva teksi, riziki yake tu iliyompeleka huko. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka. Tume ikasema hapakuwa na majibizano yoyote, watu walichukuliwa wakiwa hai. Halafu 2009 wote wanatoka! Hapo unataka kuniambia kuna shaka gani?

Wakili wa Kinondoni

Mzee shikamoo. Sikuzunguka, nilikuwa nasubiri mtu anayeikumbuka.

Kwanza tuitenge tume na mahakama. Tume inasikiliza watu ili imshauri Rais. Inaweza kupokea maneno ya kuambiwa, na anayezungumza hakabiliwi na wakili wa yule anayemtaja. Mahakamani kila neno linaanza upya: shahidi anaapa, anahojiwa, anageuzwa huku na huku. Wananchi tulisoma mambo ya tume magazetini tukaona kesi imekwisha. Jaji haruhusiwi kuingia na gazeti kichwani.

Pili, naomba watu wakumbuke Jaji Massati alisema nini Agosti 2009, kwa sababu mtaani hukumu ile inasimuliwa kana kwamba aliwabariki polisi. Hakuwabariki. Alikubali kwamba marehemu hawakuwa majambazi. Alikubali kwamba waliuawa. Na aliagiza wauaji halisi wasakwe. Alichosema ni kwamba ushahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haukumfikisha kwa hao waliokuwa kizimbani mbele yake, akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam.

Fikiria ugumu wenyewe. Tukio limetokea msituni. Waliokuwepo ni polisi na marehemu. Marehemu hawasemi. Kwa hiyo habari za Pande zinatoka vinywani mwa washtakiwa wenyewe, huyu akisema mimi nilibaki kwenye gari, yule akisema aliyefyatua ni fulani ambaye ametoroka. Sheria yetu ya Ushahidi inaruhusu mahakama kuzingatia ungamo la mshtakiwa dhidi ya mwenzake, ila haiwezi kumtia mtu hatiani kwa hilo peke yake. Na ni haki iwe hivyo, kila mtu mwenye kitanzi mbele yake ana sababu ya kumsukumia jirani.

Mimi binafsi nadhani hukumu ya 2009 ilikuwa na ukali uliopitiliza upande wa shaka. Na sikuwa peke yangu. Jamhuri ilikata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani Christopher Bageni, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Kinondoni, ikamhukumu kunyongwa. Zombe na wengine wakabaki huru. Ushahidi ulikuwa ule ule wa 2009. Hakuna shahidi mpya aliyeitwa. Majaji watatu waliusoma upya, wakaona kwa mtu mmoja umefika na kwa wengine haujafika.

Mtu ataniuliza, sasa shaka ni kitu cha kupima kweli au ni hisia za jaji? Swali zuri, na sina raha nalo.

Mwanafunzi wa Sheria

Wakili msomi, naomba kuchokonoa kidogo. Tunafundishwa kwamba mtu wa mwisho kuonekana na marehemu akiwa hai, asipotoa maelezo yanayoingia akilini, anahesabiwa ndiye muuaji. Makungire Mtani, 1983. Wale watu walikamatwa na polisi mbele ya watu, wakiwa hai. Kwa nini kanuni hiyo isiwabebe wote? Na huyo Casey je, si ndiye wa mwisho kuwa na mtoto?

Wakili wa Kinondoni

Umechokonoa penyewe.

Kanuni hiyo inafanya kazi vizuri sana pale ambapo ni mtu mmoja na marehemu mmoja. Mume kaondoka na mke kwenda shamba, kesho mke kaonekana mtoni, mume anasema sijui. Hapo mlango umefungwa. Ukiwa na kundi la polisi, magari, amri zinapita kwa simu ya upepo, wengine wameshuka njiani na wengine wameendelea, “wa mwisho” ni nani? Jamhuri inatakiwa ithibitishe nia ya pamoja, kwamba kila mmoja alijua safari ile inaishia kwenye kuua na akaendelea nayo. Kwa aliyekuwa anaongoza kule porini hilo ni jepesi kuliko kwa askari aliyeambiwa panda gari. Na kwa mkubwa ambaye hakuwa msituni ni gumu zaidi, hata kama moyoni unaamini hakuna linalofanyika mkoani bila yeye kujua. Imani hiyo ni ya kijiweni, inafaa kahawa.

Kwa Casey kanuni ingegonga mwamba mwingine. Inakusaidia kumpata mtu, haikusaidii kupata namna kifo kilivyotokea. Mtoto anaweza kufa mikononi mwa mama yake bila kuuawa.

Mwili si lazima, wala chanzo cha kifo si lazima kijulikane kwa daktari, mahakama zimewahi kuhukumu bila hivyo. Ila pengo hilo lazima lijazwe na mazingira mengine mazito. Waendesha mashtaka wa Orlando walijaribu kulijaza kwa sayansi ya kunusa hewa ya buti la gari, kitu kipya ambacho mahakama hazikuwa zimekizoea. Wakaongeza kwamba kompyuta ya nyumbani ilifungua ukurasa wa dawa ya klorofomu mara 84. Kumbe mtengenezaji wa programu iliyotoa hesabu hiyo aligundua ina hitilafu. Ilikuwa mara 1.

Kidagaa Feri

84 kuwa 1? Hiyo kali.

Bi Tandale

Nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Swali langu ni moja. Familia ya marehemu inabaki na nini? Mnatuambia shaka shaka, mwenzenu amezika.

Wakili wa Kinondoni

Dada, kisheria kuna njia mbili na zote nyembamba.

Ya kwanza ni rufaa. Hapa kwetu DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka, anaweza kumkatia rufaa mtu aliyeachiwa, ndivyo Bageni alivyorudishwa baada ya miaka saba. Marekani hawana hiyo. Juri ikisema hana hatia, katiba yao inakataza kumshtaki tena kwa kosa hilo hilo, hata ushahidi mpya ukipatikana kesho yake.

Ya pili ni madai. Mnamkumbuka O.J. Simpson: Oktoba 1995 juri ilimwachia kwa mauaji ya mkewe wa zamani, Nicole Brown, na Ron Goldman, baada ya kujadiliana chini ya saa nne. Mwaka 1997 familia zikamshtaki kwenye kesi ya madai, juri nyingine ikasema anawajibika kwa vifo hivyo, alipe dola milioni 33.5. Watu waliona kituko. Si kituko, mizani ni tofauti. Kwenye madai inatosha upande wako uelemee kidogo kuliko wa mwenzako, na hata Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, inatenganisha hivyo hivyo. Kwenye jinai unamnyang'anya mtu uhuru au uhai wake, kwa hiyo kuelemea kidogo hakutoshi. Na kwetu kosa la kuua kwa kukusudia lina adhabu moja tu, kunyongwa. Jaji akishakutia hatiani hana pa kuchagua.

Lakini kama unaniuliza familia ielekeze hasira wapi, nitakujibu: kwa upelelezi. Orlando mfanyakazi wa kusoma mita alipiga simu polisi Agosti 2008, akasema ameona kitu porini pale pale. Akapiga tena na tena. Askari aliyefika hakutafuta sawasawa. Ikapita mvua kubwa, pori likajaa maji, na mabaki yakaja kuchukuliwa Desemba. Ile “chanzo hakijulikani” iliyomtoa Casey 2011 ilitengenezwa katika miezi hiyo. Halafu 2012, kesi imeshakwisha, ofisi ya sherifu ikakiri kwamba ilipekua kivinjari kimoja tu cha kompyuta ile. Kwenye kingine, Firefox, kulikuwa na utafutaji wa namna ya kumziba mtu pumzi, wa tarehe 16 Juni 2008. Siku ile ile. Juri haikuuona.

Ukitoka hapo nenda mahakama ya Kisutu asubuhi yoyote, kaa benchi la nyuma. Utasikia “upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine” mpaka masikio yachoke. Mtu yuko mahabusu Segerea au Keko mwaka wa tatu, na siku kesi inapoanza mashahidi wamehama, kielelezo hakionekani, aliyeandika maelezo ya onyo amehamishwa mkoa. Jaji akimwachia, kesho gazeti linamwandika jaji.

Mkongwe wa Sinza

Marahaba, nilisahau kuitikia. Hilo la mwisho nakubaliana nawe. La 2009 bado sikubaliani nawe wala na jaji. Polisi wakiua, polisi hao hao ndio wanapeleleza. Hiyo shaka inatengenezwa makusudi, halafu wanakuja kuifaidi wenyewe.

Wakili wa Kinondoni

Mzee, hapo sina jibu la kukuridhisha. Tatizo hilo ni la kweli, na kanuni ya shaka haikutungwa ikiwaza mshtakiwa mwenye funguo za kabati la vielelezo. Dawa yake iwe chombo kingine cha kupeleleza vifo vya aina hiyo. Ukiilegeza kanuni ili umpate polisi, wa kwanza kubanwa nayo atakuwa kijana wa Manzese.

Mwanafunzi wa Sheria

Na ile ya Orlando ingesikilizwa hapa, wazee wa baraza, wale raia wanaokaa na jaji kumshauri, wangesemaje?

Wakili wa Kinondoni

Nahisi wangesema kama Mama wa Mabibo. Lakini maoni yao hayamfungi jaji, na tangu marekebisho ya 2022 si lazima hata wakae. Jaji angelazimika kuandika sababu, ukurasa kwa ukurasa, na kwa chanzo cha kifo kile nadhani angeishia pale pale, labda kwa kosa dogo zaidi. Tofauti ni kwamba hapa ungekuwa na hukumu ya kusoma na kuipinga. Juri ya Marekani inasema neno moja inakwenda nyumbani. Mmoja wao alipoongea na waandishi baadaye alisema hawakumaanisha kwamba Casey ni safi, ushahidi tu haukutosha.

Hukumu za Mahakama ya Rufani zipo kwenye tovuti ya TanzLII, bure. Itafute ya Pande ya 2016, ni ndefu, anza na sehemu inayomhusu Bageni kisha rudi kwa Zombe. Ukimaliza niambie ni ushahidi gani hasa unaowatenganisha hao wawili, maana ofisini kwangu tumebishana juu ya hilo na hatujaelewana.

Mama wa Mabibo

Someni. Mimi huyo mama nimeshamfunga.